Tunachotarajia kwa Watumishi Wetu na Wanachotarajia Kwetu



Katika ziara zetu za parokiani kuna ombi moja ambalo halikosekani. Huja mwishoni mwa kikao, chai ikiwa imekwisha kunywewa na daftari la mahudhurio limeshasainiwa. Mwenyekiti hukohoa kidogo, kisha husema: "Wajitoleaji wetu walianza vizuri, lakini sasa wamepoa. Tunaomba mtusaidie motisha." Na kila aliyepo hujua kwamba neno motisha siku hizi maana yake ni fedha, fulana, au semina ya siku mbili mjini.

Hatuzidharau fulana, wala hatusemi kwamba posho si kitu kwa mtu mwenye watoto wa kusomesha. Ila tumeona kamati zilizotoa vyote hivyo na kazi ikabaki palepale. Tumeona pia kamati zisizokuwa na kitu, ambazo watu wao walifanya kazi hadi sisi wageni tukaona haya. Katika toleo hili tungependa kueleza jambo moja ambalo kwa maoni yetu linachangia sana tofauti hiyo, nalo ni matarajio. Tunasema matarajio kwa pande zote mbili: yale ambayo mtumishi anaamini yatatokana na jasho lake, na yale ambayo sisi tunaomsimamia tunaamini anaweza kuyafanya.

KIJANA WA PAMPU

Katika kijiji kimoja tulichosaidia kupata kisima cha pampu ya mkono, kamati ya maji ilimteua kijana mmoja awe mtunzaji. Alipewa ufunguo wa uzio na posho ndogo kutokana na makusanyo ya ndoo. Spana na mipira ya akiba tuliyokabidhi siku ya uzinduzi ilifungiwa katika sanduku nyumbani kwa mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, isije ikaibiwa.

Mwaka wa pili pampu ikaanza kutoa maji kwa shida. Kijana hakusema kitu. Ilipokufa kabisa, akina mama walirudi kuchota mtoni kwa wiki tatu wakimsubiri fundi kutoka wilayani. Kikao kilichofuata kiliitishwa ili kumwondoa kijana kwa uzembe. Nasi tulikuwepo, na lazima tukiri kwamba kimoyomoyo tulikuwa upande wa kamati. Katekista mmoja mzee ndiye aliyeomba kijana aulizwe kwanza.

"Wazee wangu," alisema, "niliisikia pampu inalia tangu wakati wa mavuno. Lakini spana sina. Na siku mliponikabidhi ufunguo mliniambia kazi yangu ni kufungua na kufunga, nisiguse kitu kingine. Ningesema, nani angenisikiliza?"

Hakuna aliyejibu haraka. Kamati haikumwondoa. Sanduku lilihamishiwa kwake kwa maandishi, fundi wa wilaya akaombwa afanye naye kazi kwa siku mbili, na daftari lake la matengenezo likaanza kusomwa katika kikao cha kila mwezi. Kijana huyo hakugeuka mhandisi. Pampu imeharibika mara mbili tangu wakati huo, ila mara zote mbili alitoa taarifa kabla haijasimama, na mara moja aliitengeneza mwenyewe.

MASWALI MATATU

Kisa hiki kinaeleweka vizuri zaidi tukitumia mafundisho ya Victor Vroom, mtaalamu mzaliwa wa Kanada aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alieleza kwamba ari ya kazi haitokani na tabia ya mtu peke yake. Mtu hupima kwanza, hata kama hajui kwamba anapima. Kwa lugha yetu ya kawaida ni kana kwamba anajiuliza maswali matatu. Nikijitahidi, kazi itafanikiwa kweli? Ikifanikiwa, kuna litakalofuata? Na hilo litakalofuata, ninalihitaji?

Muhimu kuelewa ni kwamba majibu ya maswali haya hayajumlishwi bali huzidishwa. Wote tulifundishwa shuleni kwamba namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri jibu lake ni sifuri. Kijana wa pampu alikuwa na posho, na posho aliihitaji. Lakini kwa swali la kwanza jibu lake lilikuwa sifuri: hata angejitahidi vipi, bila spana na bila ruhusa maji yasingetoka. Kumwongezea posho kusingebadilisha chochote.

Sifuri ya pili tumeikuta zaidi katika zahanati na shule za awali. Mhudumu anajua kazi, vifaa vipo, lakini ameona kwa miaka kadhaa kwamba wanaopelekwa kwenye mafunzo ni wale wenye ndugu kwenye kamati. Hahitaji kuambiwa. Anaendelea kufika saa mbili na kuondoka saa tisa na nusu, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu hajavunja kanuni yoyote.

Sifuri ya tatu hutokea pale tunapotoa zawadi nzuri kwa mtu asiyeihitaji. Mama mmoja mjane aliyekuwa akipika katika kituo chetu cha watoto alipewa cheti chenye fremu mbele ya waumini. Alishukuru na kupiga vigelegele kama desturi. Baadaye alitueleza kwamba alichokuwa anakiomba kwa mwaka mzima ni kubadilishiwa zamu wakati wa palizi ili awahi shambani. Ombi hilo halikugharimu hata shilingi, na halikuwa limefikishwa kwenye kikao hata mara moja.

FUNDISHO KUTOKA SHULE 350

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya vitabu vya Ulaya na Marekani. Basi tutazame jaribio lililofanyika hapa Tanzania mwaka 2013 na 2014, lililoitwa KiuFunza na kuendeshwa na taasisi ya Twaweza. Lilihusu shule 350 za msingi za serikali katika wilaya 10, kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika kundi la pili hakukuwa na ruzuku, ila mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu jaribio la Kiswahili, Hisabati au Kiingereza, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Shule zilizobaki hazikupata kitu, ili ziwe za kulinganishia.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yanafaa kusomwa katika kila kikao cha bajeti. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Ahadi ya malipo peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko. Vyote viwili pamoja ndivyo vilivyoinua ujifunzaji kwa namna iliyoonekana wazi.

Hatutoi mfano huu ili parokia zianze kuwalipa makatekista kwa idadi ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Mungu apishe mbali. Tunautoa kwa sababu miradi yetu mingi, pamoja na ile tuliyoiandika sisi wenyewe, imefanana na lile kundi la kwanza. Tumeleta vitabu, mizani ya kupimia watoto, baiskeli na mashine za kukoboa, tukadhani kazi itajiendesha. Nyenzo hujibu swali la kwanza tu. Upande wa pili, kumbebesha mtu ahadi tamu bila kumpa nyenzo ni kumchosha.

AHADI NI DENI

Kuna kosa letu wenyewe ambalo ni vema tulieleze hapa kabla hatujaendelea kuwafundisha wengine. Miaka kadhaa iliyopita tuliwaambia wahudumu wa afya wa kujitolea katika parokia kadhaa kwamba baada ya miezi sita kila mmoja atapata baiskeli. Wakati huo fedha zilikuwa katika andiko la mradi, hazikuwa benki. Bajeti ilipopunguzwa, baiskeli zilizofika hazikuwatosha wote. Tulizigawa kwa kura, tukiamini tumetenda haki.

Waliokosa walipunguza kutembelea kaya, jambo tulilolitegemea. Hatukutegemea kwamba baadhi ya waliopata nao wangepunguza. Mmoja wao alitufafanulia bila hasira: "Sasa tumejua kwamba hapa mtu hapati kwa kufanya kazi, anapata kwa bahati." Kwa maneno hayo alikuwa ameeleza swali la pili la Vroom kuliko sisi tulivyoeleza hapo juu. Tangu hapo ofisi yetu haitangazi kifaa chochote kwa wahudumu kabla hakijafika stoo, hata pale mfadhili anapokuwa ametuandikia barua ya kukubali. Tunaziomba kamati nazo zifanye hivyo, hasa kipindi cha mavuno ambapo ni rahisi kuahidi.

WITO NA MATUMAINI YA MAISHA

Katika mashirika ya dini kuna wazo ambalo halisemwi kwa sauti, kwamba mtumishi mwenye wito hatarajii kitu, na anayetarajia kitu hana wito. Wazo hili limetufanya tuone aibu kuzungumza na wahudumu wetu kuhusu mustakabali wao.

Wenzetu wa Zambia walipata nafasi ya kulipima. Mwaka 2010 serikali ya nchi hiyo ilianzisha kada mpya ya wasaidizi wa afya ya jamii, wenye mshahara na mafunzo ya mwaka mmoja. Wakati wa kuwatafuta, wilaya 24 zilibandikiwa mabango yaliyosisitiza kuihudumia jamii, na wilaya nyingine 24 mabango yaliyosisitiza nafasi ya kupanda ngazi katika utumishi wa afya. Baada ya kuajiriwa wote walifanya kazi ileile kwa masharti yaleyale, hivyo tofauti iliyoonekana ilitokana na aina ya watu waliovutiwa kuja. Utafiti wa Nava Ashraf, Oriana Bandiera na wenzao, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba walioitikia mabango ya kupanda ngazi walitembelea kaya kwa asilimia 29 zaidi. Katika maeneo yao sehemu ya watoto wa chini ya miaka mitano wenye uzito pungufu ilikuwa ndogo kwa kiasi cha robo.

Hivyo basi, binti anayeomba kuwa mhudumu wa zahanati na kuuliza papo hapo kama anaweza siku moja kusomea unesi, asihesabiwe kuwa hana moyo. Huenda huyo ndiye atakayefika hadi nyumba za mwisho wa kijiji.

JICHO LA MSIMAMIZI

Tumezungumzia anachotarajia mtumishi. Upande wa pili ni mgumu kidogo, maana unatugusa sisi viongozi.

Mwaka 1968 Robert Rosenthal na mwalimu mkuu Lenore Jacobson walichapisha habari za shule moja ya msingi katika jimbo la California. Watoto walipewa jaribio, kisha walimu wakapewa majina ya watoto wapatao mmoja katika kila watano, wakaambiwa kwamba hao wanategemewa kuchanua mwaka huo. Ukweli ni kwamba majina hayo yaliokotwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, katika madarasa mawili ya chini, watoto waliotajwa walikuwa wamewapita wenzao kwa maendeleo. Katika madarasa ya juu tofauti haikuonekana.

Kwa watu wazima kazini jambo hili lilijaribiwa na Dov Eden na Abraham Shani katika jeshi la Israeli, na kuchapishwa mwaka 1982. Askari 105 walikuwa katika kozi ya uongozi ya wiki 15. Wakufunzi waliambiwa kwamba baadhi yao wana uwezo mkubwa, ingawa nao walichaguliwa kwa bahati nasibu. Wale waliotarajiwa makubwa walipata alama za juu zaidi.

Imetokeaje, wakati hakuna aliyewaambia askari wenyewe? Rosenthal alitaja njia nne, na tunaziona kila siku katika vikao vyetu. Unayemtegemea unamsemesha kwa uchangamfu. Unamfundisha zaidi, tena mambo magumu. Unampa nafasi ya kujibu na kumsubiri amalize. Na akikosea unamweleza kosa liko wapi, badala ya kusema "si neno" na kumpa kazi hiyo mtu mwingine. Hili la mwisho tunalisisitiza. Mara nyingi upole wetu kwa mtumishi dhaifu si upole, ni kukata tamaa kulikovaa adabu. Mtunza hesabu ambaye makosa yake yanasahihishwa na katibu usiku, kimyakimya, kwa miaka mitatu, amekwisha kuelewa tunamwonaje.

Ni haki tuseme pia kwamba utafiti wa Rosenthal umebishaniwa sana, na tathmini za baadaye zimeonyesha kwamba nguvu ya matarajio kwa kawaida ni ndogo kuliko ilivyosemwa mwanzoni. Tusimdanganye mtu kwamba kumwamini mtumishi kutaziba pengo la mafunzo au la mshahara uliochelewa. Lakini Stephen Raudenbush, alipolinganisha majaribio 18 mwaka 1984, alikuta jambo lenye manufaa kwetu: matarajio yaliyopandikizwa yaliwaathiri walimu zaidi pale walipokuwa hawajakaa na watoto zaidi ya wiki mbili. Baada ya hapo mwalimu alikuwa na maoni yake tayari, na habari za kutoka nje hazikumgeuza. Kwa maana hiyo, wiki mbili za kwanza za mtumishi mpya ni za thamani kubwa. Kamati nyingi huzitumia kumtambulisha kanisani na kumwonyesha nyumba. Aidha, mara nyingi humnong'oneza Baba Paroko mapungufu aliyokuja nayo kutoka kituo cha awali.

Na kwa yule tuliyekwisha kumzoea? Matendo ya Mitume yanatupa mfano wa Marko, aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia. Safari ya pili Paulo alimkataa, na kwa hesabu za kazi alikuwa na sababu. Barnaba alimchukua, wakaenda naye Kupro. Hatuambiwi alimwambia nini. Tunajua tu kwamba alimpa safari nyingine, kazi yenyewe na mtu wa kwenda naye, na kwamba katika barua ya pili kwa Timotheo ni Paulo huyohuyo anayeagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa katika huduma.

KWA WAFADHILI WETU

Wafadhili wetu wapendwa, nanyi mmo katika mnyororo huu. Mnachokitarajia kwetu tunakishusha kwa kamati, na kamati inakishusha kwa mhudumu mwenye kandambili. Mkitarajia kidogo mno, mkaridhika na picha za uzinduzi, tutazidi kuwaletea picha. Mkitarajia kisichowezekana, kwa mfano mazoea ya vizazi vitatu yabadilike ndani ya miezi 12, jibu la swali la kwanza litakuwa sifuri tangu siku ya kusaini mkataba, na mtakachopata ni taarifa iliyopambwa. Tunasema hivi kwa sababu tumewahi kuandika taarifa za namna hiyo.

Katika mfano wa talanta, yule mtumishi wa tatu aliyefukia fedha ardhini alitoa sababu yake mwenyewe: alimwogopa bwana wake, akimjua kuwa mtu mgumu. Bwana hakukubali udhuru huo, nasi hatuutetei. Ila yeyote anayesimamia fedha na watu angefaa ajue kwamba woga hufukia talanta nyingi. Mfadhili mmoja wetu alianza kutuuliza katika kila fomu ya robo mwaka swali moja la nyongeza: ni nini hakikwenda vizuri, na mmejifunza nini? Miezi mitatu ya kwanza tulijaza mistari miwili. Sasa sehemu hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, na mara mbili fedha zimehamishwa kutoka shughuli isiyofaa kwenda inayofaa kabla hazijapotea.

Katika ziara za robo mwaka ijayo tutabadili utaratibu kidogo. Kabla ya kikao cha kamati tutaomba kuzungumza na mtumishi mmoja wa kila mradi akiwa peke yake, bila viongozi wake kuwapo. Tutamuuliza yale maswali matatu, na tutamwomba atuonyeshe vifaa vyake vinatunzwa wapi na ufunguo uko kwa nani. Majibu yatajadiliwa kikaoni bila kutaja jina. Kamati ambazo zingependa kuanza zenyewe kabla hatujafika zinaweza kuanzia kwenye daftari la mihutasari: zipitie mwaka mmoja nyuma, zitoe kila ahadi iliyotolewa kwa mtumishi yeyote, na ziandike mbele yake kama ilitimizwa, lini, na kama haikutimizwa ni nani aliyekwenda kumweleza.